Dakika kumi na tano za kuipitia siku mbele ya Mungu

Katika sala ya jioni waliyofundishwa Wakatoliki wengi wa Tanzania tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza, kuna mahali pa kufikiri moyoni makosa ya leo na kunyamaza kidogo. Nyumbani na kwenye jumuiya ukimya huo haumalizi pumzi mbili. Kiongozi ameshaanza "Nakuungamia Mungu Mwenyezi" na wote wanamfuata. Hapo palipofinywa ndipo ninapotaka tukae leo.

Wanaokuja kwenye mafungo huleta swali linalofanana: mbona simwoni Mungu katika maisha yangu? Ukiwasikiliza vizuri, wanatafuta makubwa: uponyaji, viza iliyotoka, kazi iliyopatikana ghafla. Shuhuda zinazotolewa kwenye kipaza sauti huwa za namna hiyo, basi mtu ambaye wiki yake ilikuwa ya kupanda daladala, kuuza duka na kulala anajiona hana cha kushuhudia. Kumbe baraka nyingi zilimpitia mikononi. Hakurudi nyuma kuzitazama, basi.

Njia ya kurudi nyuma ni ya zamani. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliiweka katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, kwenye aya ya namba 43. Ina hatua tano: kumshukuru Mungu kwa mema uliyopokea, kuomba neema ya kuzijua dhambi zako, kuidai nafsi hesabu ya saa baada ya saa tangu kuamka, kuomba msamaha, na kukusudia kujirekebisha kwa neema yake. Inafungwa kwa Baba Yetu. Angalia kwamba shukrani inatangulia dhambi. Anayeanza na makosa huigeuza sala kuwa mahakama, na hakuna anayependa kupelekwa mahakamani kila jioni. Baada ya wiki mbili ameacha. Asiye Mkatoliki anaweza kuifuata vilevile bila kubadilisha kitu.

Chagua kiti, si kitanda. Ukiifanyia kitandani utalala kwenye hatua ya pili, hilo halina mjadala. Muda mzuri kwa wengi ni baada ya chakula cha jioni, kabla vyombo havijaanza kuoshwa, au mara tu unapofika nyumbani. Simu ibaki chumba kingine, hata kama unaitumia kama saa.

Kabla ya kukaa, simama hatua moja au mbili mbele ya kiti kwa muda wa Baba Yetu moja, ukifikiri jinsi Mungu anavyokutazama. Huo ni ushauri wa Ignasi mwenyewe kwa kila sala ya tafakari, na unafaa sana hapa. Bila huo unabaki unajitazama wewe peke yako, na hiyo si sala.

Shukrani ipewe dakika nne. Kanuni yangu ni kwamba kila unachoshukuru kiwe na mahali na saa. "Asante kwa uhai na afya" ni maneno ya kweli, lakini ungeweza kuyasema bila kuiishi siku hii. Afadhali hivi: mvua ilipoanza saa tisa, jirani alianua nguo zangu pamoja na zake. Au: fundi alikuwa na nafasi ya kuniuzia kifaa kipya, akaniambia ukweli kwamba kinachotakiwa ni kusafisha tu. Vitatu vya aina hiyo vinatosha. Kila kimoja kikae mbele yako kidogo, umtazame aliyekuletea, kisha umtazame aliyemtuma. Zaburi 103:2 inasema "wala usizisahau fadhili zake zote", na fadhili isiyo na sura husahaulika kabla ya asubuhi.

Kisha omba mwanga kwa sentensi moja na uipitie siku, dakika sita hivi. Saa kwa saa huwachosha wanaoanza, kwa hiyo ikate kwa mahali: nyumbani asubuhi, njiani, kazini, kurudi, jioni. Kila mahali jiulize moyo ulikuwa unaelekea wapi. Ignasi alilijua hili kitandani, akiuguza mguu aliojeruhiwa kwa mzinga vitani huko Pamplona, Hispania, mwaka 1521. Ndoto za ushujaa na wanawake wakuu zilimfurahisha zikiwapo, zikiondoka zilimwacha mkavu. Mawazo ya kuwafuata watakatifu yalimwacha na furaha hata baada ya kupita. Furaha hiyo inayobaki aliiita faraja, na ule ukavu aliuita ukiwa. Usichanganye faraja na raha. Unaweza kulia msibani siku nzima ukarudi na imani na upendo zaidi, hiyo ni faraja. Unaweza pia kucheka sana kijiweni ukarudi huna hamu ya kusali wala ya kumsalimia mtu.

Ukijikuta katika hali hiyo ya ukiwa, shika kanuni iliyopo namba 318 ya kitabu hicho: usibadilishe uamuzi uliokuwa umeufanya kabla. Usiku huo si wa kuandika barua ya kuacha kazi, kujitoa kwaya, au kuvunja uchumba. Naiona kanuni hii kuwa ya thamani kuliko nyingine zote, na ndiyo inayovunjwa zaidi.

Msamaha uwe mfupi na wa wazi. Azimio la kesho nalo liwe na mahali: badala ya "nitakuwa mvumilivu", sema "kwenye kikao cha asubuhi nitamwacha mwenzangu amalize kuongea".

Wenye dhamiri ya hofu, wanaorudia kosa lilelile walilokwisha kuliungama, wanahitaji kipimo kingine. Wao dakika moja tu ya makosa, dakika kumi za shukrani, na padre mmoja wa kumsikiliza bila kumbadilisha kila wiki. Wanandoa wanaosali pamoja hukwama mahali pengine: mke anaanza kuipitia siku ya mume. Au mume ya mke. Kila mtu apitie yake, kimya, kisha washirikishane shukrani moja moja tu.

Ukiruka siku tatu, usizilipe. Anza na ya leo.

Baada ya mwezi ongeza jambo moja. Chagua kasoro moja, tuseme kujibu kwa ukali. Kila unapoanguka mchana, gusa kifua kwa mkono. Ignasi alilipendekeza hili kwa sababu linafanyika hata mbele ya watu bila mtu kutambua. Adhuhuri na jioni weka nukta kwenye daftari, nukta kwa kila anguko, mistari miwili kwa siku, ulinganishe mstari wa jioni na wa adhuhuri, na siku ya pili na ya kwanza. Nukta zikiongezeka wiki ya kwanza usiogope; mara nyingi ni kwamba sasa unaziona. Na wengine huanza kugusa kifua pia pale wanapopokea jambo jema, katikati ya foleni ya benki.