Je, wajua kwa nini kivumishi cha Kipolandi chenye herufi 19 kina silabi sita tu?

Anayekutana kwa mara ya kwanza na neno pięćdziesięcioletni, yaani "mwenye umri wa miaka hamsini", huhesabu herufi za irabu, akapata kumi, kisha akaamini kwamba neno hilo lina silabi kumi na kwamba kila kipande chake hubeba mkazo wake kamili. Dhana zote mbili si sahihi.

Chanzo cha kupotea ni herufi i. Katika Kipolandi, i inayotangulia irabu nyingine kwa kawaida haiundi silabi, bali hulainisha konsonanti iliyo kabla yake. Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu: neno "nyama" lina silabi mbili, wala hakuna anayelisoma "ni-ya-ma". Kwa hiyo pięć ni silabi moja, na neno zima hugawanyika hivi: pięć-dzie-się-cio-let-ni. Herufi i zimo tano, lakini ni ile ya mwisho tu inayosimama kama irabu. Mpaka wa let-ni, hata hivyo, haujafungwa kabisa: kanuni za tahajia huruhusu pia kukata le-tni mwishoni mwa mstari, ilhali dz inayowakilisha sauti moja haitenganishwi.

Mkazo mkuu nao ni mmoja, na kama ilivyo katika Kiswahili, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ni kama foleni ambayo mzigo hukabidhiwa daima mtu wa pili kutoka nyuma, hata waliotangulia wawe wengi kiasi gani. Hapa mzigo uko kwa let. Neno likinyambuliwa kuwa pięćdziesięcioletniego, mtu mmoja ameongezeka nyuma, na mzigo unahamia kwa nie, sawasawa na "pika" inayohamisha mkazo wake inapokuwa "pikia". Silabi ya kwanza husemwa kuwa na mkazo mdogo wa pili, ingawa wataalamu wanatofautiana kuhusu jinsi unavyosikika. Yako maneno ya mkopo yanayokiuka kanuni, kama matematyka, ambalo katika usemi makini hukazwa silabi ya tatu kutoka mwisho. Lakini kivumishi chake, matematyczny, hufuata kanuni ya kawaida.

Kuhusu uundaji wa vivumishi vya aina hii, vinavyounganisha maneno mawili, irabu o ndiyo kiungo cha kawaida kati ya vipande, na kinachovutia zaidi ni kazi ya kistari. Żółtozielony, bila kistari, ni rangi moja: kijani inayoelekea manjano. Żółto-zielony, chenye kistari, ni kitu chenye rangi mbili, manjano na kijani, kila moja mahali pake. Hata hapo ni kipande cha mwisho tu kinachobadilika kufuata nomino: bendera ya Polandi, nomino ya jinsi ya kike, huitwa biało-czerwona, yaani "nyeupe na nyekundu", na biało haiguswi.