Mkato wa Mwisho wa Ua Kabla ya Baridi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaotunza bustani nchini Uingereza huamini kwamba ua wa miti hukatwa mara ya mwisho baridi inapobisha hodi, ili ukae nadhifu hadi majira ya kuchipua. Imani hii huidhuru miti, kwa sababu inafananisha kukata ua na kunyoa nywele. Ncha ya tawi ikiondolewa, macho yaliyolala chini yake, yaani machipukizi ambayo hayajafunguka, huamka, na machipukizi yanayotoka huwa mororo, yamejaa maji, na huhitaji wiki kadhaa kukomaa kabla ya kuweza kustahimili sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi. Katika sehemu nyingi za England zilizo mbali na bahari, sakitu ya kwanza hushuka Oktoba. Ukihesabu kurudi nyuma, mkato wa mwisho unaangukia mwishoni mwa Agosti au mwanzoni kabisa mwa Septemba. Mwaka mmoja nilichelewa, nikakata ua wa priveti, kichaka kinachopandwa sana kwa nyua, Septemba ikielekea ukingoni kwa kuwa jua lilikuwa bado linawaka. Machipukizi ya urefu wa kidole yalijitokeza, na asubuhi moja ya sakitu niliyakuta yamekuwa meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa.

Wengine husema kwamba, kwa kuwa ni mkato wa mwisho, basi ukatwe kwa kina. Kwa leylandii, mti wa jamii ya mvinje ulio wa kijani mwaka mzima, hilo ni kosa lisilorekebishika: ukivuka majani mabichi na kufika kwenye matawi ya kahawia yaliyo ndani, pale hapachipui tena, na pengo linabaki milele. Mti wa yuu, ingawa nao ni wa kijani mwaka mzima, huchipua hata kwenye shina kuukuu.

Majani makavu yanayong'ang'ania kwenye ua wa biichi, mti ambao kwa kawaida hupukutisha majani, hudhaniwa kuwa dalili ya kufa. Kumbe ua huo ukikatwa Agosti hubaki na majani yake ya rangi ya shaba majira yote ya baridi, ukaendelea kukinga upepo.

Ipo pia dhana kwamba ikifika tarehe 1 Septemba sheria haimhusu tena mwenye mkasi. Kanuni za mwaka 2024 zinazozuia kukata kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti ni za nyua za mashambani nchini England, lakini sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 hulinda kiota kinachotumika tarehe yoyote, hata bustanini, na njiwa wa porini hulea makinda hadi Septemba. Tenganisha matawi kwa mkono, uchungulie kwanza.

Na si kila ua unapaswa kukatwa kabla ya baridi. Hothoni, mti wa miiba, huchanua kwenye matawi ya mwaka uliotangulia, hivyo ukikatwa wote kila mwaka hauzai. Mimi huuacha hadi Februari, ndege waliohamia kutoka Skandinavia wakishamaliza matunda yake mekundu.