Maji ya mgodi wa makaa: hesabu ya kibali hufanywa kabla ya mvua

Dodoma hatuchimbi makaa ya mawe. Yapo Ngaka wilayani Mbinga, Kiwira, na Mchuchuma kule Ludewa. Ila michoro na ripoti nyingi za migodi huandaliwa au kukaguliwa hapa, na aliyezoea makorongo ya Dodoma yanayokauka zaidi ya nusu mwaka huwa mwepesi kudharau mvua. Hapa mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 600; Mbinga hupita 1,000.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, bodi ya maji ya bonde husika hutoa kibali cha kutumia maji na kibali cha kutiririsha majitaka. Wengi hukata cha kwanza wakadhani wamemaliza. Maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka shimoni hadi mtoni ni ya kutiririsha, hata kama hayakuosha chochote.

Tuanze na hesabu. Eneo la hekta 10 likipata mvua ya milimita 50, yanashuka maji mita za ujazo 5,000. Ardhi iliyokwanguliwa ikiachia asilimia 60, bwawa la kutuamisha tope litapokea mita za ujazo 3,000 kwa mvua moja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mtaro wa juu, unaozungusha maji safi ya mlimani yasiguse shimo wala kifusi. Mtaro ukiziba, maji ya mlimani yanaingia pia, hekta 10 zinaweza kuwa kama 30 na bwawa linafurika. Hapo ndipo masharti mengi huvunjwa, na kwa kawaida chanzo ni sepetu ambayo haikushikwa mwezi wa Oktoba.

Bwawa lenyewe liwe refu kuliko upana, angalau mara tatu, ili maji yasikate njia ya mkato kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea. Tope likijaa theluthi moja, lizolewe. Mchanga hutuama haraka. Mfinyanzi laini hukaa ukielea siku kadhaa, na hapo shabu husaidia. Kipimo chake kipatikane kwa kujaribu kwenye chupa za maji hayohayo, kwa sababu shabu ikizidi inashusha pH, yaani kipimo cha uasidi: chini ya 7 maji ni ya asidi.

Tatizo la pili halionekani kwa macho mapema. Makaa na mawe yanayoyafunika huwa na pairiti, madini ya chuma na salfa. Yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, nayo asidi huyeyusha chuma na metali nyingine iitwayo manganizi. Rangi ya chungwa kwenye mawe ya kijito inamaanisha kazi imeshaharibika. Mwamba upimwe kabla ya kuchimbuliwa: kwa kila asilimia 1 ya salfa ya pairiti, tani moja ya mwamba huhitaji kilo 31.25 za kalsiamu kaboneti (madini ya mawe ya chokaa) kutuliza asidi yake. Mawe yenye salfa nyingi yazikwe ndani na kufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, yasiachwe kileleni mwa lundo. Ukitumia chokaa kutibu maji yenyewe, kumbuka kwamba chuma huganda mapema, lakini manganizi hungoja pH ikaribie 9, na maji ya pH hiyo hayaruhusiwi kwenda mtoni bila kushushwa kwanza.

Sampuli za maji zichukuliwe mtoni juu ya mgodi, kwenye mlango wa kutokea wa bwawa, na mtoni chini ya mgodi, siku ileile. Bila ile ya juu huwezi kuthibitisha kwamba tope si lako. Pima pH palepale, kwa kifaa kilichosawazishwa asubuhi hiyo. Chupa ikifika maabara siku ya tatu namba imeshabadilika. Chupa ya sampuli ya kupima metali itiwe asidi ya naitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, la sivyo chuma kitaganda ukutani mwa chupa na majibu yatasoma vizuri kuliko mto ulivyo.

Visima vya wanakijiji vipimwe kina cha maji kabla pampu ya shimoni haijawashwa kwa mara ya kwanza. Kisima kikikauka baadaye, kipimo hicho hakuna namna ya kukirudia.