Umechaguliwa chuo? Mkopo haujaja bado

Kila mwaka nasikia kauli ileile kwa vijana wa Tanzania waliomaliza kidato cha sita: "Nikishapata chuo, mkopo utafuata wenyewe." Haufuati. Udahili unaombwa chuoni. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HESLB, kwa mfumo wake wa mtandaoni na dirisha lake. Anayesubiri majina ya vyuo yatoke ndipo aanze kutafuta karatasi, mara nyingi hukuta dirisha limefungwa.

Karatasi zenyewe ndizo zinazokula muda. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, huhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Zanzibar wana wakala wao. Fomu inahitaji sahihi ya mwombaji, mdhamini, kiongozi wa mtaa au kijiji, na wakili. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ileile uliyoombea chuo. Ukitumia nyingine, bodi haitaweza kuoanisha maombi yako na udahili wako.

Hata ukikamilisha yote, bodi hupima uhitaji wa familia, si ufaulu wako tu. Ndiyo maana wawili wa darasa moja hupangiwa viwango tofauti, na mmoja akakosa kabisa. Asiyeridhika ana nafasi ya kukata rufaa.

Na lile "bumu", yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi, ambalo wengine hulifanyia sherehe wiki ya kwanza, ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi hukatwa kila mwezi.