Ufikivu wa fursa za utafiti chuoni: maana yake

Ufikivu, katika utafiti wa chuo kikuu, ni hali ya mwanafunzi mwenye ulemavu kuweza kupata habari za nafasi, kuiomba, kuchaguliwa na kuifanya kazi yenyewe kwa usawa na wenzake. Wengi wakisikia neno hili huwaza mteremko wa kiti mwendo kwenye mlango wa maabara. Mteremko unahitajika, ila mara nyingi mtu huachwa nje mapema zaidi. Tangazo limeskaniwa likawa picha. Programu ya kusoma skrini ikilifikia hunyamaza, kwa kuwa haikuti herufi hata moja. Au halikutolewa tangazo: profesa kamdokeza anayemfahamu baada ya kipindi, na mwanafunzi kiziwi yupo palepale bila mkalimani. Kisha tunaambiwa hakuna mwenye ulemavu aliyeomba!

Ufikivu huandaliwa kabla ya kujua nani atakuja. Akishakuja, mahitaji yake mahususi hushughulikiwa kwa marekebisho stahiki: meza inayoshushwa, saa za kazi zinazobadilika, msaidizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unahesabu kumnyima mtu marekebisho hayo kuwa ubaguzi, mradi yasiwe mzigo uliopita kiasi kwa anayeyatoa.

Mabishano makali huwa juu ya kipi ni sayansi na kipi ni mazoea tu. Chukua jaribio la kudondosha besi, yaani kemikali inayopooza tindikali, kwenye tindikali hadi kiashiria kilichotiwa humo kigeuke rangi. Kinachopimwa ni kutambua pale vinapolingana. Kihisi cha pH (kipimo cha ukali wa tindikali au besi) kinachotamka vipimo humwezesha asiyeona kupatambua, na pengine kwa usahihi kuliko jicho. Vivyo hivyo, asiyeweza kushika bomba la kudondoshea humwelekeza msaidizi hatua kwa hatua. Msaidizi hutoa mikono, uamuzi si wake.

Geerat Vermeij, asiyeona tangu utotoni, amejijengea jina katika elimu ya viumbe wa kale kwa kupapasa makombe ya konokono wa baharini na kutambua makovu yaliyoachwa na maadui waliowashambulia. Wanda Díaz-Merced, mwanaastronomia wa Puerto Rico aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa masomoni, hugeuza data za anga kuwa sauti na kuzichambua kwa kusikiliza. Njia ya namna hiyo inaweza kumfaa hata anayeona, kwa sababu sikio hunasa mabadiliko ambayo grafu huyaficha.

Kuna pia suala la kujieleza. Mwanafunzi mwenye ulemavu usioonekana, kama kifafa, huogopa kuutaja asije akakatwa jina. Dawa yake si ngumu: waombaji wote waulizwe wanahitaji nini ili wafanye kazi vizuri, na majibu yasifike kwa wanaochagua mpaka uchaguzi uishe. Gharama nazo zitengwe kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo. Mkalimani anayetafutwa utafiti ukiwa umeshaanza huwa amechelewa.