Kadi ya mpiga kura haitoshi kumchagua mwenyekiti wa mtaa

Novemba 27, 2024, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, jirani yangu alitoka kituoni na kadi yake ya mpiga kura mkononi, imefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Jina lake halikuwemo kwenye orodha ya wapiga kura. "Si ninayo kadi!" alirudia, na iliniuma, kwa sababu wengi wetu Tanzania tunaamini hivyohivyo.

Kadi ile inatokana na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Ndilo la kuchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni kitu kingine: unasimamiwa na TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, nao una orodha yake, inayoandikwa upya palepale unapoishi. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20. Hukuhitaji kadi ya Tume ili uandikishwe, bali uwe raia, umetimiza miaka 18, tena mkazi wa hapo.

Orodha hubandikwa kabla ya kura. Nenda ukasome jina lako mwenyewe, herufi kwa herufi. Likikosewa au lisipokuwemo, weka pingamizi mapema. Kwa wenzetu wa mamlaka za miji midogo, anayechaguliwa siku hiyo si mwenyekiti wa mtaa bali mwenyekiti wa kitongoji.