Mtaji hasi wa nyumba: deni linapoizidi bei

Nyumba iliyonunuliwa kwa mkopo huwa na namba mbili, na kila moja ina mwendo wake. Ya kwanza ni bei ambayo mnunuzi angekubali kuitoa leo; ya pili ni deni ambalo mwenye nyumba bado hajalimaliza benki. Tofauti kati ya namba hizo ndiyo mali yake halisi ndani ya nyumba ile, nasi hapa tutaiita mtaji wa mwenye nyumba. Bei ikiwa juu ya deni, mtaji ni chanya. Bei ikishuka hadi ikawa chini ya deni, mtaji unakuwa hasi, maana yake ni kwamba hata akiiuza nyumba na kumkabidhi mdai fedha yote, bado atatoka mikono mitupu huku akidaiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtumishi ananunua nyumba Kange, upande wa stendi ya mabasi ya Tanga, kwa shilingi milioni 90. Anatanguliza milioni 9 kutoka katika akiba yake, na milioni 81 anakopeshwa kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Marejesho yake ya kila mwezi yatakuwa takribani shilingi milioni 1 na laki 1 na elfu 34. Baada ya miaka mitatu atakuwa amekwisha kulipa karibu milioni 41, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu, kwa kudhani kwamba deni limebaki milioni 40. Ukweli ni kwamba limebaki milioni 75 na nusu. Katika miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho humezwa na riba, na deni lenyewe hupungua kwa chembe. Katika mfano huu limepungua kwa milioni 5 na nusu tu. Sasa bei za nyumba zikishuka kwa asilimia 20, nyumba ile itauzwa milioni 72, na mwenyewe atahitaji kuongeza milioni 3 na nusu kutoka mfukoni ili amalizane na benki, kabla hata hajamlipa dalali.

Katika mfano huo nyumba haikubomoka, wala mtumishi hakuruka mwezi hata mmoja. Kilichomweka pabaya ni kutanguliza kidogo, riba kubwa, na kushuka kwa bei mapema, wakati deni bado ni bichi. Laiti angetanguliza milioni 30, mshuko uleule ungemkuta na mtaji chanya.

Kusema kwamba bei zimeshuka kwa asilimia 20 ni rahisi kwenye karatasi, lakini katika mji kama Tanga soko baya halijitangazi kwa bei. Hujitangaza kwa ukimya. Dalali aliyekuwa akileta wateja watatu kwa wiki analeta mmoja kwa mwezi. Mwenye nyumba anashikilia bei yake ya mwaka juzi, hakuna anayeipinga, ila hakuna pia anayeilipa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mtaji hasi kwa muda mrefu bila kujua, kwa sababu bei anayoijua ni ile anayoitaja mwenyewe. Mthamini aliyesajiliwa huandika kwa kawaida thamani mbili katika ripoti yake: thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa shinikizo, ambayo huwa chini. Ya pili ndiyo inayosema kweli zaidi wakati wa ukimya, ingawa ndiyo ambayo wamiliki hawapendi kuisoma.

Bei ya nyumba hufuata kipato cha mji na matumaini ya watu wake. Tanga imeonja yote mawili. Bei ya mkonge ilipoporomoka katika soko la dunia katikati ya miaka ya 1960, kamba za nyuzi za viwandani zikichukua nafasi yake, mkoa mzima ulioutegemea uliguswa. Upande wa matumaini, mwaka 2016 iliamuliwa kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, litaishia Chongoleani; habari za namna hiyo huwapa wauzaji wa viwanja sababu ya kupandisha bei kabla bomba lenyewe halijafika. Kule Bagamoyo, makubaliano ya bandari ya Mbegani yalitiwa saini mwaka 2013, kisha mradi ukasimama. Anayekopa ili anunue kwa bei ya matumaini anakopa fedha halisi kwa kitu ambacho hakijatokea.

Je, mtaji hasi humfanya mtu apoteze nyumba? Peke yake, hapana. Anayelipa marejesho yake kwa wakati na asiye na haja ya kuhama anaweza kuishi katika nyumba yenye mtaji hasi kwa miaka, hadi deni lipungue au bei irudi. Balaa huja pale mtaji hasi unapokutana na jambo jingine: kuachishwa kazi, ugonjwa, talaka, uhamisho wa kikazi kwenda mkoa wa mbali. Mwenye mtaji chanya akipatwa na hayo huuza, hulipa, na huondoka na kilichobaki. Mwenye mtaji hasi njia hiyo imefungwa. Marekani iliyaona hayo kwa mapana baada ya bei za nyumba kuanza kushuka mwaka 2006: mamilioni ya kaya zilijikuta zikidaiwa zaidi ya thamani ya nyumba zao, na ajira zilipoanza kupotea mwaka 2008 nyumba nyingi zikachukuliwa na wakopeshaji. Katika baadhi ya majimbo yao, California likiwamo, mkopeshaji wa mkopo wa kununulia makazi hawezi kwa kawaida kumfuata mkopaji kwa kilichopungua baada ya nyumba kuuzwa. Kwetu asifarijike mtu kwa habari hizo, kwa kuwa mdai anaweza kwenda mahakamani kudai salio.

Msomaji wa Makorora au Mikanjuni atauliza haya yanamhusu nini, wakati yeye amejenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, boma miaka miwili baadaye, bati alipopata mafao. Swali ni la haki. Asiye na deni hawezi kuwa na mtaji hasi. Bei ikishuka amepungukiwa utajiri wa kwenye maneno, basi. Lakini hati ya nyumba hiyohiyo mara nyingi hupelekwa benki kuwa dhamana ya mkopo wa biashara, na hapo nyumba iliyojengwa bila deni inaingia katika hesabu ileile. Kwa maoni yangu hali hii ni ya hatari zaidi kuliko mkopo wa nyumba wa miaka 15, kwa kuwa mikopo ya biashara ni ya muda mfupi na marejesho yake ni mazito, na uchumi unaodhoofisha bei za nyumba ndio huohuo unaopunguza wateja dukani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake, imeweka vizuizi kadhaa. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mkopaji aliyeshindwa kulipa hupewa notisi ya siku 60 kabla mkopeshaji hajatumia haki ya kuuza. Na mkopeshaji anayeuza anawajibika kutafuta bei bora inayowezekana kwa wakati huo: nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei ya soko ya nyumba zinazolingana nayo, sheria huchukulia kwamba wajibu huo umevunjwa hadi itakapothibitishwa vinginevyo, na mkopaji anaweza kuiomba mahakama itengue mauzo. Ulinzi huo hupimwa kwa soko la siku ya kuuza. Ikiwa soko lote la Tanga limeshuka, wastani nao umeshuka, na mnada uliofuata sheria unaweza bado kuacha deni nyuma yake.